Kumtwika Mwenzako Mzigo: Neno kwa Wanaojifunza Hesabu, na kwa Wazee Wao

Somo: Wagalatia 6:1-5



Mwezi huu nataka kunena nanyi habari ambayo huenda mtu akashangaa kuiona katika gazeti la kanisa. Ni habari ya hesabu. Yaani ile hesabu iitwayo aljebra, ambayo vijana wetu hukutana nayo shuleni, na wengine hukutana nayo tena vyuoni, na wengi wao hurudi nyumbani kwa ajili yake wameinamisha vichwa. Msiseme, Mchungaji ameacha Injili, ameshika chaki. Ngojeni kidogo. Mtaona ya kuwa habari hii yaigusa Injili, tena yagusa uhai wa watoto wetu.

Nitaanza kwa mfano. Tuseme yuko binti wa usharika mmojawapo wa nchi yetu, Mbulu ama Hanang. Amemaliza kidato cha nne. Katika biolojia ameshinda, katika kemia ameshinda kwa shida, lakini hesabu imemwangusha. Walakini apata nafasi katika chuo cha wauguzi. Nyumbani washangilia, baba auza ng'ombe kwa ajili ya ada, wazee wa kanisa wamwombea, naye aenda zake kwa furaha. Juma la pili mwalimu aandika ubaoni maneno haya: Dawa ya maji ina miligramu 250 katika kila mililita 5. Mganga ameamuru mtoto apewe miligramu 100. Je, apimiwe mililita ngapi? Wenzake wainama na kuandika. Yeye hajui aanzie wapi. Aona haya kuuliza. Atupa jicho katika daftari la jirani, haoni vema, aandika 20. Lakini jibu la haki ni 2. Kama ingalikuwa kazi yenyewe, wala si daftari, mtoto wa watu angalinyweshwa dawa mara kumi ya ile aliyoandikiwa.

Nanyi mwajua ya kuwa jambo hili si la daftari tu. Huko Haydom, katika wilaya ya Mbulu, iko hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, na pamoja nayo chuo cha kuwafundishia wauguzi. Wagonjwa hufika pale kutoka mbali sana. Mama Mbulu ama Mdatoga aliyemchukua mtoto wake mgongoni hana njia ya kupima hesabu ya muuguzi. Amwamini tu. Kwa hiyo hesabu ya muuguzi ni sehemu ya upendo wake kwa jirani, kama vile mizani ya haki ilivyo upendo kwa mfanya biashara. Someni Mithali 11:1, mwone jinsi Mungu anavyojishughulisha na mizani na vipimo.

Sasa binti huyu afanyiwe nini? Watu hujibu kwa njia mbili. Wa kwanza husema, Arudi nyumbani, hesabu si ya kila mtu. Wa pili husema kwa huruma, Mpitisheni tu, maskini, baba yake amekwisha uza ng'ombe. Shauri la kwanza laua tumaini la binti. Shauri la pili huenda likamwua mtoto kitandani. Je, hakuna njia ya tatu?

Iko, na Mtume Paulo atuonyesha. Awaambia Wagalatia ya kuwa mwenzao akipatikana ameanguka, wale walio wa Roho wamrejeze katika hali yake kwa upole, huku kila mmoja akijiangalia mwenyewe. Lile neno la Kiyunani alilolitumia Mtume kwa kurejeza lina habari nzuri. Ni neno lile lile la Injili ya Marko, katika sura ya kwanza, pale Bwana alipowakuta Yakobo na Yohana chomboni wakishughulika na nyavu zao zilizokatika. Tena waganga wa Kiyunani walilitumia neno la ukoo huo kwa kazi ya kurudisha kiungo kilichoteguka mahali pake. Mwenye wavu uliokatika hautupi ziwani. Akaa akaufunga fundo moja moja. Na mwunga mifupa hamwambii aliyeteguka, Rudi kwenu ujifunze kwanza kutembea. Wala hamwambii, Huna neno, kimbia. Hushika mguu kwa mkono ulio mwororo na wenye nguvu, aurudisha mahali pake, aufunga, kisha amfundisha kuukanyagia kidogo kidogo.

Mtu ataniambia, Mchungaji, Paulo anena habari ya dhambi, wala kutojua hesabu si dhambi. Ni kweli. Lakini ikiwa yule aliyekosa kwa dhambi yapasa arejezwe kwa upole, si zaidi sana yule ambaye hakukosa neno, ila hakufundishwa akaelewa?

Tena nawaonyesha ajabu moja. Hilo jina la aljebra lenyewe ni jina la kuunga kilichovunjika. Zamani, katika karne ya tisa, alikuwako mtu katika mji wa Baghdad, jina lake Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Alifanya kitabu cha hesabu ili kuwasaidia watu katika kugawa urithi, na katika biashara, na katika kupima mashamba. Katika jina la kitabu kile alitia neno la Kiarabu al-jabr, maana yake kurejeza, au kuunga kilichovunjika. Ni shina lile lile la neno jabari tulitumialo kwa mwenye nguvu. Hata Hispania, siku za kale, mwunga mifupa aliitwa algebrista.

Kwa nini hesabu ipewe jina la namna hii? Tazameni. Mtu alikuwa na mbuzi, wala hatujui ni wangapi. Akatoa 4 kuwapa jamaa zake, wakabaki 10. Ile hesabu tusiyoijua tuiandike kwa herufi x. Basi x ukiondoa 4 ni sawa na 10. Upande mmoja umepungukiwa, umevunjika kwa wale 4 waliotoka. Twaurejezea 4, uwe mzima. Lakini hesabu hii ni mizani. Ukitia upande mmoja, imekupasa kutia upande wa pili, isije ikalala. Basi 10 na 4 ni 14. Mbuzi walikuwa 14. Hii ndiyo aljebra ya mwanzo: kutazama kilichopunguka, kukirejeza, na kutunza haki ya pande zote mbili. Yeyote aliyekaa na mifugo aweza kuielewa, akiambiwa kwa maneno ayajuayo.

Na hapo, akiambiwa kwa maneno ayajuayo, ndipo mfupa ulipovunjikia kwa wengi. Fikirini njia ya mtoto wetu. Nyumbani asema Kiiraqw ama Kidatoga. Aingia shule ya msingi, afundishwa kuhesabu kwa Kiswahili. Aingia sekondari, na mara hesabu yageuka kuwa ya Kiingereza. Katika miaka michache amevuka mito miwili ya lugha akiwa na mzigo wa hesabu kichwani. Si ajabu vitu kadha vikianguka majini: huyu ameangusha hesabu ya sehemu, yule ameangusha namba zilizo chini ya sifuri, mwingine hajui kamwe nukta ya desimali yafanya nini. Nayo aljebra yasimama juu ya hayo yote. Darasa lina watoto wengi, mwalimu hana nafasi ya kurudi nyuma, mtoto aona haya. Akaa kimya mwaka wa kwanza, na wa pili, hata ule ukimya unakuwa ukuta. Kisha twasema, Hana akili ya hesabu. Ndugu zangu, mchungaji wa ng'ombe atazama kundi jioni na kujua ni yupi asiyerudi. Mama wa Bashay auza vitunguu saumu na kurudisha chenji ya haki bila karatasi. Msiniambie ya kuwa watoto wa watu hawa hawakupewa akili ya hesabu. Akili wanayo, kilichovunjika ni kiungo kati ya akili ile na ubao.

Basi wako watu wenye hekima wasemao, Sawa, binti asifukuzwe, lakini arudi nyuma kabisa, akae mwaka mzima katika hesabu za chini, hata atakapozijua zote ndipo aingie katika masomo yenyewe. Shauri hili lafanana na busara. Lakini limejaribiwa mahali pengine, na matunda yake yametazamwa. Huko Marekani, katika mji wa New York, chuo kikuu cha mji ule kilijaribu katika vyuo vyake vitatu vya miaka miwili, na habari zake zikatolewa mwaka 1916 ukiongeza miaka 100, yaani 2016. Walitwaliwa wanafunzi 907, wote wamehukumiwa kuwa hawajui aljebra ya mwanzo. Wakagawanywa makundi matatu kwa bahati, kama kwa kura. Kundi la kwanza walifundishwa aljebra ya mwanzo tu. Kundi la pili walifundishwa aljebra ile ile, ila kila juma walipewa saa za kusaidiwa. Kundi la tatu hawakurudishwa nyuma. Walitiwa moja kwa moja katika hesabu ya takwimu, iliyo somo la chuo lenyewe, nao pia wakapewa saa za kusaidiwa kila juma. Katika kundi la kwanza walishinda kama 39 katika kila 100. Katika la pili kama 45. Na katika la tatu kama 56.

Twajifunza nini? La kwanza, msaada uliotolewa pamoja na kazi yenyewe ulizaa tunda. La pili, wale walioaminiwa kubeba kazi ya chuo, huku wakisaidiwa, hawakuanguka kuliko wengine, bali walishinda zaidi. La tatu, wala tusilifiche, hata katika lile kundi lililo bora wengi hawakushinda. Msaada si uganga. Mwenye kusaidiwa bado ana kazi yake ya kufanya.

Mkitaka mfano wa mtu wa nyumba yetu ya Kilutheri, yuko. Jina lake Michael Stifel, mtawa aliyemfuata Luther na kuwa mchungaji. Alipenda hesabu, ila aliipenda vibaya. Alitwaa herufi za Maandiko akazigeuza kuwa namba, akatoa kitabu mwaka 1532, na akatangaza ya kuwa ulimwengu utakoma mwezi wa Oktoba mwaka 1533, saa mbili asubuhi. Luther alimwonya, asisikie. Watu wa usharika wake wakaacha kazi zao wakingoja. Saa ikafika, ikapita, jua likaendelea na safari yake. Stifel akakamatwa, akaondolewa katika usharika wake, akawa kicheko. Je, Luther alisema, Nilikuambia? Alimwombea yeye pamoja na Melanchthon, hata mwaka 1535 akapewa usharika mwingine. Hapo, mtu mzima aliyepita miaka 40, aliyeaibika mbele ya nchi yote kwa ajili ya hesabu, aliketi tena kujifunza hesabu kwa haki. Na mwaka 1544 akatoa kitabu kikubwa cha hesabu na aljebra, naye Melanchthon akakiandikia dibaji. Alama za kujumlisha na kutoa wazitumiazo watoto wetu leo, Stifel ni mmoja wa wale walioeneza matumizi yake. Kama rafiki zake wangalimwacha katika aibu yake, kitabu kile kisingalikuwako. Kama wangalimsifu kwa uongo, kisingalikuwako vilevile. Walimrejeza, naye akajifunza.

Wala Luther hakuihesabu elimu hii kuwa kitu kidogo. Mwaka 1524 aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani wajenge shule, naye akanena ya kwamba kama angalikuwa na watoto, angaliwafundisha, pamoja na lugha na nyimbo, hesabu yote nzima.

Sasa turudi kwa Mtume, maana bado liko fumbo. Katika mstari wa pili aagiza tuchukuliane mizigo. Katika mstari wa tano asema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Je, Mtume amejipinga? Hasha. Katika Kiyunani maneno ni mawili. La kwanza ni uzito ulemeao mtu. La pili ni mzigo wa safari, ambao kila msafiri hupewa wake.

Uzito twaujua. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalishuka kutoka mlima Hanang juu ya Katesh na vijiji vya karibu, na zaidi ya watu 80 wakafa. Siku ile hakuna aliyesema, Kila mtu aondoe matope yake. Watu walichimba kwa majembe na kwa mikono, kila mtu katika nyumba ya mwenzake. Huo ni mzigo wa mstari wa pili.

Na mzigo wa mstari wa tano twaujua pia. Mtazameni mwanamke aliyekata kuni. Mzigo u chini, umefungwa vema, lakini peke yake hawezi kuuinua hata kichwani. Aita mwenzake, Njoo unitwike. Mwenzake aja, ashika upande mmoja, wainua pamoja, mzigo wakaa kichwani. Kisha yule mwenye kuni aenda mwenyewe mpaka nyumbani kwake. Aliyemtwika hakumchukulia, walakini pasipo yeye, kuni zingalilala porini. Ndugu, huu ndio msaada ninaowaombea wanafunzi wetu. Tusiwachukulie mzigo wa hesabu. Tuwatwike. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni vyepesi kumcheka aliyelemewa hali sisi tumesimama mikono mitupu.

Basi nasema neno kwa kila mmoja.

Ninyi wanafunzi: kuuliza si ujinga. Usiangalie daftari la jirani, bali fuata mstari wa nne, kila mtu aipime kazi yake mwenyewe. Ukiona hujui hesabu ya sehemu, nawe u katika chuo, irudie usiku huu huu, wala usione haya. Irudie pamoja na kazi ya leo, usingoje mwaka mwingine. Na ukipewa saa za kusaidiwa, usizikimbie kana kwamba ni adhabu. Mwenye mguu ulioteguka hamkimbii mwungaji kwa kuwa mkono wake waumiza.

Ninyi mliojaliwa kujua hesabu: angalieni mstari wa tatu, mtu asijione kuwa kitu. Ulifundishwa na mtu mwingine. Likizo ya Desemba urudipo nyumbani, waketishe wadogo zako, na hao walio vyuoni wakishindwa. Sema nao kwanza kwa lugha ya mama, na kwa mbuzi na vitunguu, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza cha ubaoni. Usiwape jibu, waulize, Ni nini kilichopunguka? Twakirejezaje?

Ninyi wazazi: mtoto akirudi ameshindwa, msiseme mbele yake, Ukoo wetu haujui hesabu. Neno hilo ni zito kuliko mtihani.

Ninyi wainjilisti na wazee wa kanisa: nyumba ya Mungu yasimama tupu siku nyingi za juma, na ubao wa mafundisho ya kipaimara umetundikwa ukutani. Fungueni mlango jioni mbili kila juma. Washeni taa. Mtafuteni mwalimu mmoja aliye tayari. Jambo hili halihitaji fedha nyingi. Lahitaji upole, na mtu asiyechoka kurudia.

Nimalize. Nimesema tumtwike mwenzetu, kisha aende mwenyewe. Hivi ndivyo ilivyo katika kazi zetu za duniani. Lakini msije mkadhani ya kuwa ndivyo alivyotutendea Kristo katika wokovu wetu. Katika mizani ya Mungu upande wetu ulipungukiwa kabisa, wala hatukuwa na kitu cha kurejeza. Yeye hakututwika tu na kutuacha tujikaze. Uzito wote aliuchukua mwenyewe msalabani, akatia kilichopunguka, hata tukahesabiwa haki bure. Na kwa kuwa tumechukuliwa hivi, mikono yetu imekuwa mitupu. Mikono mitupu ya nini? Ya kumwinulia mwenzetu mzigo wake.

Yule binti wa mfano wetu labda yumo katika usharika wako, naye ameketi na daftari lake, asema moyoni, Hakuna awezaye kunisaidia. Usimpite. Shika upande mmoja.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyewaunga waliovunjika, uwape wanafunzi wetu moyo wa kuuliza na bidii ya kurudia. Uwape walimu wao upole. Utuondolee kicheko na haya, utufundishe kutwikana mizigo, ili wagonjwa wetu wapate kuhudumiwa kwa haki, nawe utukuzwe. Amin.